Mwalimu wa Vipande Sita

Kompyuta ya Sikudhani, mwenye duka la kuchapa picha, iliganda mara ya tatu, na picha kubwa ya marehemu Mwalimu Kirobo ikapotea tena kwenye skrini. Ilitakiwa itundikwe shuleni alasiri hiyo.

"Dada, mashine hii ni ya makumbusho," alisema Mashaka, mwana wa marehemu. "Nipe flashi yangu niende duka la ng'ambo ya barabara, kwenye mashine mpya."

"Kaa hapo, kaka. Kumbukumbu yake ni ndogo, nasi tunaitwika mwalimu mzima kwa mkupuo. Nitamkata vipande. Ukiuona mshono, nafunga duka."

Akafunga muziki, akafunga kila kilichokuwa wazi, akaondoa hata picha ya harusi yake iliyopamba skrini. Akaikata picha vipande sita. Kila kimoja alikifungua peke yake, akakisafisha madoa, akakihifadhi, akakichapa, akakifunga, ndipo akafungua kingine. Kompyuta haikuganda tena.

Alasiri, vipande vikiwa vimegandishwa kwa gundi, mwalimu alisimama mzima ukutani mwa shule. Mashaka alipanda kiti, akapitisha kidole kwenye paji la uso wa baba yake.

"Tafuta vizuri, kaka," alisema Sikudhani, mikono kiunoni.

Kidole kilishuka hadi kwenye nyusi, taratibu, kikitafuta.