Kura ya Pimbi

Wanyama walipochoka kutawaliwa na mwenye meno makali, walikubaliana kupiga kura. Vikazuka vyama viwili. Chama cha Kwato kilitaka chui wapigwe marufuku kwenye makazi ya wanyonge. Chama cha Kucha kilitaka watembee watakako. Mshindi wa kila bonde angechukua wajumbe wote wa bonde hilo, na wajumbe ndio wangemchagua mtawala.

Pimbi wa Bonde la Mawe alikuwa mwoga. Siku ya kura hakutoka pangoni tangu alfajiri.

"Twende, shoga," jirani yake Digidigi alimwita. "Kura ni siri."

"Fisi amekaa njiani, anatukodolea macho. Nenda wewe. Nyumbu wa mbugani ni maelfu, na wote ni Kwato. Kura yangu itaongeza nini?"

Akabaki pangoni, kila unyasi ukitikisika anashtuka.

Jioni Digidigi alirudi, mwendo wake mzito.

"Tumeshindwa?" Pimbi aliuliza.

"Ukihesabu kichwa kwa kichwa, Kwato tuko wengi. Lakini nyumbu wote wako bonde moja, na wajumbe wao hawakutosha. Likabaki bonde letu kuamua. Hapa kura zililingana, ikabidi ichezeshwe bahati nasibu. Wameshinda Kucha."

Pimbi alikaa chini.

Kesho yake Chui alipanda mawe mchana kweupe, taratibu, wala hakujificha.