Benchi la Daktari wa Akili

Daktari wa akili alifika zahanati ya mji ule mara moja kwa msimu, na benchi lake lilikaa tupu. Watu walijazana kwenye foleni ya malaria, wakitazama vidole vyao vya miguu. Kalunde, mpishi wa harusi zote za pale, alikuwa nao. Daktari alipoanza kufunga mkoba, Kalunde alikaza kanga kiunoni, akavuka ua, akaketi katikati ya benchi.

"Wee Kalunde! Hiyo si foleni yako!" jirani yake akamwita.

"Ni yangu," akajibu kwa sauti ile ile anayoagizia kuni. "Malaria sina. Usingizi umenikimbia, na nalia hovyo mpaka pilau inaungua."

Kisha jirani yule akaja, macho chini.

"Sogea basi, shoga," akanong'ona.

Kalunde akasogea. Nyuma ya jirani, foleni ya malaria ilikuwa imeanza kupinda kuelekea benchi.