Mashine Aliyochagua Shemeji

Eda ilipokwisha, Bi Mwanaidi alisoma bismillahi, akatoka kwenda gereji ya pikipiki aliyoachiwa na marehemu mumewe. Siku za eda hakuweza kutoka, basi shemeji yake Shebe ndiye aliyekwenda kumchagulia mashine ya kubandulia tairi.

Aliikuta katikati ya gereji, nyekundu, inang'aa. Akapandisha gurudumu la pikipiki juu yake. Likacheza tu, meno mapana ya mashine hayakulishika.

Akamgeukia Shebe aliyesimama kando. "Umekosea, shemeji. Hii ni ya magari."

Shebe akacheka. "Sijakosea. Nani kakwambia hapa tutatengeneza pikipiki tena?"

"Na mimi hukuniuliza?"

"Mfiwa haulizwi mambo ya tairi, shemeji. Wewe kaa, utaletewa chakula."

Bodaboda mmoja akaingia, anasukuma pikipiki yenye pancha. "Hodi! Fundi yupo?"

"Nenda mbele, hapa hatu…" alianza Shebe.

"Yupo," alisema Mwanaidi.

Akalifungua gurudumu, akapiga magoti sakafuni, baibui likinywa oili. Akachomeka vyuma viwili vya mkono chini ya ukingo wa tairi, akavilalia kwa uzito wake wote. Wanaume wakamtazama. Tairi lilikuwa bado halijaachia rimu, naye hakuviachia vyuma.