Upepo Kidogo Tu

Roketi alichuchumaa nyuma ya pikapu ya shemeji yake, njiti ya kiberiti mkononi, akisikiliza tairi likitoa upepo. Kidogo tu. Likilegea sana litaonekana. Likilegea kiasi, gari litakuwa zito na litakunywa mafuta bila mwenyewe kujua sababu. Akahamia tairi la pili huku akichungulia mlango wa kantini, ambako shemeji yake alikuwa anakula chakula cha mchana na wapakiaji.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema mtu atasimamaje tena wima akishakiokota chini ya gari la kaka wa mkewe.

Yote yalianza na Mama Magodoro, mwenye kiwanda. Biashara imelala, alisema, na pikapu mbili zinazosambaza magodoro yake zinamfilisi kwa mafuta. Moja itauzwa mwisho wa mwezi. Dereva ambaye gari lake litakunywa kidogo atabaki, mwingine ataagwa vizuri. Ili pasiwe na manung'uniko, walipokezana njia zilezile, na kila asubuhi mtunza stoo alijaza matangi yote mawili hadi juu kwa pampu ya uani. Pampu ndiyo ingekuwa hakimu.

Roketi alijua ameshashindwa. Jina hilo hakupewa bure. Mguu wake ulikuwa mzito, na gari lake lilisifika kwa kiu. Shemeji yake aliendesha kama aliyebeba mayai. Alipandisha gia mapema, alizima injini akisubiri kupakuliwa mzigo, na magodoro aliyalaza chali akayakaza turubai yasishike upepo.

Nyumbani, mke wa Roketi alikuwa mjamzito kwa mara ya kwanza, baada ya miaka ya kungoja na kusemwa na watu. Wanaume wale wawili walikubaliana asiambiwe lolote. Shemeji hakuwa na mke wala mtoto. Ndugu yake pekee alikuwa huyo dada, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki.

"Tushindane kiume, shemeji," alisema siku ile, akimpa Roketi mkono. "Atakayetoka asinune."

Kwanza Roketi alijitahidi kihalali. Aling'oa keria la juu ya paa, akashusha vyuma na matairi mabovu aliyokuwa akizunguka nayo bila sababu, akabadilisha chujio la hewa. Aliapa kukanyaga taratibu. Kiapo kilidumu mpaka lori la kwanza lilipompita mlimani.

Ndipo alipookota njiti ya kiberiti.

Mambo yakamnyookea. Asubuhi baada ya asubuhi, gari la shemeji lilichukua muda mrefu kujaa, na la Roketi likatosheka upesi. Mtunza stoo alishindwa kuelewa.

"Roketi, umeokoka? Jana nimekuona unapita sokoni kama mwizi anayefukuzwa, na bado gari halinywi."

"Ni lile keria," Roketi alijibu haraka. "Lilikuwa linazuia upepo."

Shemeji alicheka pamoja nao. Hakulalamika hata mara moja. Jioni alibaki nyuma akiosha magari yote mawili, maana gari chafu haliuzi godoro, alisema, na Roketi awahi nyumbani kwa mama kijacho.

Kisha alikuja kula kwao, kama kawaida yake. Dada yake alimpakulia, akakunja pua.

"Kaka, unanuka dizeli mpaka chakula kinapoteza ladha. Hebu nenda kanawe tena."

Akaenda, akanawa, akarudi anatabasamu. Roketi aliinamia sahani. Alimwonea aibu mkewe, akamwonea aibu huyu aliyeketi mbele yake akimsifia mpishi, akajionea aibu mwenyewe. Aliwahi kudhani aibu ni jambo la kuonwa na watu. Kumbe mtu anaweza kuibeba peke yake na isipungue uzito.

"Mbona kimya?" mkewe akamuuliza.

"Nimechoka tu."

Na kesho yake mchana akachuchumaa tena.

Siku ya mwisho Mama Magodoro aliwaita uani. Hakuzungusha maneno. Alimpongeza Roketi kwa kujirekebisha, akamshukuru shemeji kwa utumishi wake, akapokea funguo. Wapakiaji walimpiga Roketi mabegani. Alitamani ardhi ipasuke.

Shemeji alikusanya vitu vyake, akaelekea getini bila haraka. Roketi akamkimbilia.

"Shemeji, simama. Usinipe mkono kabla hujanisikia." Akamshika mkono wa shati. "Hukushindwa. Mimi ndiye niliyekuangusha. Kila mchana ukienda kula, nilikuwa napunguza upepo kwenye matairi yako."

Alisubiri tusi, au kofi. Chochote kati ya hivyo angekipokea kwa shukrani.

"Najua," shemeji akasema. "Nilikuona siku ya kwanza. Nilikuwa nikishapita kona ya kwanza nasimama, nayajaza upepo."

Roketi alimkodolea macho. Kwa mbali aliwasikia wapakiaji wakiendelea kulitaja jina lake na kucheka.

"Kama uliyajaza, mbona gari lako lilikunywa namna ile? Mafuta yalikuwa yanakwenda wapi?"

Shemeji yake aliinamisha macho, kana kwamba yeye ndiye aliyefumaniwa.

"Kuanzia kesho kanyaga taratibu, shemeji," alisema. "Jioni sitakuwepo tena kulimiminia tangi lako."