Kitanda cha Ugenini

Siku hizi kitu cha rehani hufuata sheria ya nchi iliyochaguliwa kwenye mkataba, hata kikibaki chumbani kwako. Mbwilo aliweka rehani kitanda ili mkewe Sekela atibiwe, akachagua nchi yenye timu ya mpira anayoishabikia. Hata hivyo, Sekela akafa. Leo ofisa wa rehani kaja.

“Mzee, kwa sheria ya kule, mgane haruhusiwi kulalia kitanda cha ndoa.”

“Kule wapi, na kitanda kiko Mbeya? Wakubwa zako walituambia tuchague, ya ndani wakayaficha!”

“Ulichagua mwenyewe.”

“Nilichagua mpira, bwana!”

Kwa hasira Mbwilo akatandika mkeka sakafuni, ukingo wake ukigusa kitanda, upande aliokuwa akilala Sekela. Kitanda kikafoka kwa lugha asiyoijua.

“Kinasemaje?”

“Kinasema usogee, mzee. Umevuka mpaka.”