Hodi ya Chini ya Sakafu

Kule kwenye sayari mpya, hakuna aliyewasha jiko kabla ya kubisha hodi sakafuni. Kila nyumba ilijengwa juu ya joka aliyelala, maana nje kulikuwa na baridi ya kugandisha mate mdomoni, na joto lote lilitoka mgongoni mwake. Unagonga mara tatu kwa mchi, joka anajibu mara tatu kwa mkia, siku inaanza. Sheria nyingine ilikuwa moja tu: akitangulia yeye kubisha, asiitikie mtu.

Mwanakheri, binti wa miaka kumi na minne, hakuwa amelala vizuri tangu wahamie. Kila mara alihamisha mkeka, akitafuta mahali ambapo sakafu haikupanda na kushuka kwa pumzi. Bibi yake alimcheka.

"Tulia, mjukuu wangu. Utazoea."

Asubuhi hiyo Mwanakheri aliinua mchi, lakini kabla haujagusa chini, sakafu ikagongwa kutoka chini. Mara moja. Mbili. Tatu.

Akaruka kumziba bibi mdomo. Alichelewa. Bibi alikuwa akiosha vikombe, wala hakuinua kichwa.

"Karibu!"

Wakatazamana.

"Bibi, umefanya nini?"

"Nimeitikia hodi maisha yangu yote, mjukuu wangu. Inatoka yenyewe."

Ubao wa kwanza ukainuka taratibu, kwa adabu, kama mlango unaosukumwa na mgeni. Mwanakheri akarudi nyuma hadi mgongo ukagota ukutani. Bibi akafuta mikono kwenye kanga, akatoa kikombe cha tatu.