Mkalimani wa Kona ya Bluu

Msomi wa lugha za kigeni ni taa ya taifa, na siku hiyo taa yenyewe ilikuwa imeshika ndoo ya mate kwenye kona ya bluu. Ilikuwa na shahada ya miaka mitatu, na kazi yake ilikuwa kumtafsiria shemeji yake bondia maneno ya kocha mgeni.

Baada ya raundi ya sita bondia alirudi jicho la kushoto limefumba, damu ikichuruzika ndooni. Kocha akauliza jambo kwa haraka.

"Kasema nini?" bondia akauliza.

"Kasema jamaa kachoka, nenda kammalize." Mkalimani akamwinulia kocha dole gumba.

Kengele ikalia. Makonde matatu yakatua palepale jichoni, mfupa ukalia kama ukuni mkavu, bondia akaanguka. Kocha akarusha taulo kusimamisha pambano, akapiga magoti, akarudia swali lake la mwanzo akimfokea mkalimani. Safari hii alilisema kwa vidole: jicho, taulo, tuache?

Bondia akalielewa, hana hata cheti.

"Shemeji," akasema kwa mdomo uliojaa damu, "chuoni ulisoma nini?"

"Nilikuwa naitikia jina," akasema mkalimani, "halafu natorokea dirishani. Miaka yote mitatu."